Matarishi wa Moto

Jina la mji wa Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji wake kuwa ni amri: tupa uchawi. Mgeni aliyepanda kutoka Tunduma, akapita Laela na kufika katika mji huo wa baridi, husimuliwa maana hiyo kabla hajamaliza kikombe chake cha kwanza cha chai; na aghalabu husimuliwa kwa kicheko, kana kwamba msimulizi ataka ieleweke kuwa yeye binafsi hayumo katika habari hiyo. Lakini jina halikuja bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vuguvugu lililoitwa Kamcape lilipita katika vijiji vya Ufipa likitokea kusini, likiwataka watu wayatoe hadharani madawa yao ya siri na kukingwa wasidhuriwe tena. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi miongoni mwa Wafipa katika miaka hiyo, ameliandikia. Chini ya vuguvugu hilo lilikuwapo swali moja, kongwe kuliko Kamcape, wala halikufa pamoja nayo: mtu mwenye afya yake akilala na homa leo na kuzikwa keshokutwa, ni nani aliyemfanyia?

Sayansi ya tiba imelifikia jibu lake kwa kuchelewa, na si jibu jepesi kulitamka mbele ya wafiwa. Watu wa pwani husema kikulacho ki nguoni mwako. Katika maradhi yanayozungumzwa hapa kikulacho kimepita nguo na ngozi, kimo katika damu yenyewe, na kiliwekwa humo ili kilinde.

Maradhi hayo wataalamu huyaita sepsisi. Mitaani husemwa kwamba damu imeingia sumu; wakunga wanaijua sura yake moja kwa jina la homa ya uzazi. Huanzia padogo: kidonda cha mguu, nimonia, njia ya mkojo, mji wa mimba baada ya kujifungua. Kwa karne nzima iliaminika kwamba mgonjwa huuawa na vijidudu vilivyoenea mwilini, basi. Mwaka 2016 wataalamu walikubaliana juu ya maelezo mapya: sepsisi ni kuharibika kwa viungo kunakotishia maisha, kunakosababishwa na mwili kuyajibu maambukizi pasipo kipimo. Neno zito humo ni kipimo. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020, watu milioni 48.9 duniani walipatwa na sepsisi katika mwaka 2017, na milioni 11 wakafa. Ndiyo kusema kifo kimoja katika kila vitano. Walio wengi walikuwa katika nchi zisizo na uwezo mkubwa, na karibu nusu walikuwa watoto.

Mwili hauna jemadari anayesimama juu ya ngome na kuamrisha. Una habari tu, zinazopelekwa na kupokewa. Seli mlinzi inayokaa katika nyama ya mwili ikigusa kipande cha gamba la kijidudu, haikimezi tu. Hutoa protini ndogo ndogo ziendazo kupeleka neno kwa wengine. Wataalamu huziita saitokini. Kiswahili cha zamani kina neno lililokwisha kuanza kusahauliwa, tarishi, mtu aliyetumwa na waraka kwa miguu kutoka mji hadi mji, na haielekei kwamba litapatikana neno bora zaidi la kuzitafsiria. Tarishi hana maana ikiwa hapana wa kumfungulia mlango, na kila seli inayohusika ina mlango wake juu ya ngozi yake, uitwao kipokezi. Watunzi wa mashairi hawatashangaa: wao wanacho kipokeo, ule mstari ambao hadhira huungoja ili iuitikie, na wanajua kuwa utungo usio na waitikiaji hubaki sauti ya mtu mmoja.

Tarishi wa kwanza kutoka ni yule anayejulikana kwa herufi za Kiingereza TNF. Jina lake alipewa mwaka 1975, kwa kuwa alionekana katika panya akiua uvimbe wa saratani. Kama yalivyo majina mengi ya utotoni, halikuja kulingana na kazi yake ya utu uzima. Nyuma yake hufuata interlukini-1 na interlukini-6. Hawa huuambia ubongo upandishe joto, huliambia ini litoe protini za vita, huiambia mishipa midogo ya damu itanuke na kufungua mianya ili askari weupe wapite, na huitaka damu igande ili adui azingirwe. Katika kidole kilichochomwa na mwiba yote haya ni rehema. Wekundu, joto, uvimbe na maumivu ni dalili kwamba waraka umefika.

Balaa huja pale waraka unaposomwa kila mahali kwa wakati mmoja. Mishipa ikitanuka mwili mzima, msukumo wa damu huanguka. Mianya ikifunguka mwili mzima, maji ya damu huvuja na mapafu huanza kujaa. Damu ikiganda katika vijishipa vya figo, mkojo hukatika. Akili hutanga. Na huenda wakati huo vijidudu vyenyewe vimekwisha kuuawa kwa dawa, ila matarishi bado wako njiani.

Nyanda za Ufipa zina kielelezo chake cha moto. Kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, porini na pembezoni mwa mashamba ya mahindi na ulezi, yapo mabaki ya malungu, matanuri ambamo mafundi wa Kifipa waliyeyusha chuma. Ilungu lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, na urefu wake ulikaribia mita 3. Halikuvuviwa kwa mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu yaliyotobolewa chini, kila tundu na mirija yake ya udongo, na moto ukala makaa na mawe kwa siku kadhaa; mivukuto ilikuja baadaye, katika tanuri dogo la kusafishia. Sanaa yote ilikuwa katika hewa. Fundi aliyesimama nje ndiye aliyejua ni kiasi gani kinatosha, na kazi yake ilizungukwa na miiko mingi, kwani tanuri lilipambwa na kutendewa kama bibi harusi. Mfano huu wafaa, ila una mpaka wake: mwilini hakuna fundi aliyesimama nje. Moto wenyewe ndio unaotuma habari za kuziba matundu.

Na kweli huzituma. Seli ile ile iliyomtoa TNF, saa chache baadaye humtoa interlukini-10, tarishi wa pili, ambaye waraka wake husema: yatosha. TNF mwenyewe akifika kwenye ubongo huamsha amri inayoteremka hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga kotisoli, homoni inayoingia ndani ya seli na kuzuia nyaraka mpya za moto zisiandikwe. Uvumbuzi wa homoni za tezi hizo na nguvu yake ya kutuliza uvimbe uliwapatia Hench, Kendall na Reichstein Tuzo ya Nobel ya mwaka 1950. Ipo pia njia ya neva. Mwaka 2000 kundi la Kevin Tracey nchini Marekani lilionesha kwamba neva ya vagasi, ile ndefu iteremkayo kutoka kichwani hadi tumboni, ikisisimuliwa, panya hutoa TNF kidogo na hawaanguki kwa mshtuko. Kumbe ubongo husikiliza vita na hunena neno lake. Hata seli zilizojeruhiwa zina usemi: nishati inayomwagika kutoka ndani yake huvunjika na kuwa adenosini, nayo huwaambia walinzi walio karibu wapunguze ukali.

Tarishi wa ajabu kuliko wote alipatikana kwa njia ya bangi. Watafiti walikwisha kujua kuwa ubongo una kipokezi ambacho bangi hukishika, na ikawa lazima kuuliza: mlango huu ulijengwa kwa ajili ya mgeni gani, maana haikuwa kwa ajili ya wavutaji? Mwaka 1992, katika maabara ya Raphael Mechoulam mjini Jerusalem, likatolewa jibu kutoka ubongo wa nguruwe: chembe ya mafuta inayotengenezwa na mwili wenyewe. Waliiita anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Mwaka 1995 akapatikana ndugu yake, aitwaye kwa kifupi 2-AG. Kabla ya hapo, mwaka 1993, kilikuwa kimeelezwa kipokezi cha pili, nacho hakikai sana katika ubongo, bali katika wengu na katika seli za kinga. Ndipo ilipofahamika kuwa chembe hizi hazihusiki na furaha tu. Mwili unapoanguka kwa mshtuko wa maambukizi, seli za damu huzitoa, nazo hutuliza walinzi. Lakini vilevile huitanua mishipa na kuuteremsha msukumo wa damu, jambo ambalo mgonjwa hana haja nalo hata kidogo. Breki na kuteleza vimo katika waraka mmoja.

Je, kipokezi hicho cha pili ni rafiki au adui katika sepsisi? Mwaka 2009 zilichapishwa tafiti mbili juu ya panya waliozaliwa bila kipokezi hicho, wakaambukizwa kutoka matumbo yao wenyewe. Katika utafiti mmoja panya hao walinusurika zaidi kuliko wenzao. Katika ule mwingine walikufa zaidi. Wapo watakaocheka wakiwaona wataalamu wakipingana namna hiyo. Lakini huenda tafiti zote mbili zilisema kweli, kwa kuwa neno "tulia" likifika mapema humwachia kijidudu nafasi ya kuzaana, na likifika baada ya kazi kwisha huiokoa nyumba. (Na wavutao wasije wakajipatia udhuru hapa. Moshi haujui saa.)

Yupo mkunga mmoja, mzaliwa wa Wete, Pemba, aliyetumikia Ufipa kwa miaka mingi hadi alipostaafu. Alikwenda huko akiwa hajui baridi, akajifunza kulala na mablanketi mawili mwezi wa Juni na kuupenda ugali wa ulezi. Katika mambo anayoyakumbuka ni mzazi mmoja kijana aliyeletwa kutoka Muze, chini katika bonde la joto la Ziwa Rukwa, enzi ambazo mtu alipandishwa ukingo wa bonde kwa bahati ya lori la samaki. Alikuwa amejifungulia nyumbani. Siku ya tatu alishikwa na homa. Siku ya sita akafikishwa mjini, mtoto akiwa mgongoni kwa mama mkwe.

"Tumshukuru Mungu, mama nesi," mama mkwe alisema, "homa imeshuka tangu jana usiku. Sasa ni kumpa uji tu apate nguvu."

Mkunga hakuchukua kipimajoto. Alishika nyayo za mgonjwa, akazikuta baridi kama jiwe la kisimani. Akahesabu pumzi kwa saa ya mkononi: 34 kwa dakika. Akamuuliza jina lake, naye akajibu kwa kutaja jina la mtu mwingine.

"Mama, huyu hakupoa," alisema. "Huyu anazimika."

Hili lastahili kukaziwa, maana linaua Ufipa na linaua Unguja. Homa inayoshuka bila mgonjwa kupata nafuu, huku pumzi zikienda mbio na maneno yakivurugika, si shukurani. Ni moto uliokwisha kula makaa yake. Katika sepsisi wagonjwa waliopoa hufa zaidi kuliko wenye joto kali, na wengi huchelewa njiani kwa sababu jamaa walipumua waliposhika paji la uso.

Usiku ule ule mgonjwa aliwekewa dripu, akaanzishiwa ampisilini, jentamisini na metronidazoli, kisha akasafishwa mji wa mimba, ambamo kipande cha kondo kilikuwa kimebaki. Siku ya pili mkojo ulianza kuonekana katika mfuko, kidogo kidogo, na mkunga anasema kuwa hajapata kufurahia rangi yoyote kama alivyoifurahia ile. Mama mkwe alimngoja nje ya wodi.

"Mama nesi, niambie kweli, unifiche nini mimi? Ni nani?"

Angemjibu kwamba ni kijidudu, jibu lingekuwa nusu: majirani wangapi wamejifungua katika vyumba kama kile wakaamka salama? Angemjibu kwamba ni mwili wa mkwe wake mwenyewe, ingekuwa kumshitaki mgonjwa kitandani. Akasema: "Mwizi aliingia, mama. Walinzi wakamfukuza kwa moto, nusura wachome nyumba."

Mama mkwe akafikiri. "Na hao walinzi, nani aliwaamuru?"

Swali hilo ndilo ambalo maabara kubwa za dunia zilikuwa zikilihangaikia. Mwaka 1985 ilioneshwa kuwa panya wakipewa kwanza kinga dhidi ya TNF, kisha wakadungwa sumu ya vijidudu, wengi hunusurika. Mwaka 1987 ikawa vivyo hivyo kwa nyani waliodungwa vijidudu vyenyewe. Ilidhaniwa kwamba kazi imekwisha: tarishi akamatwe, vita vitakoma. Katika miaka ya 1990 maelfu ya wagonjwa walipewa dawa za namna hiyo, na vifo havikupungua kwa kiasi cha kutumainiwa. Mwaka 1996 dawa moja ya kumnasa TNF ilionekana kwenda pamoja na vifo vingi zaidi kadiri dozi ilivyoongezwa.

Sababu moja ni saa. TNF hupanda hadi kileleni kwa muda wa kama saa mbili tangu sumu iingie, kisha huanza kushuka. Panya wa maabara alipewa dawa kabla. Binadamu huja baadaye, na yule wa Muze alikuja baada ya siku tatu za homa. Wakati huo tarishi wa kwanza amekwisha kutoa waraka wake na kuondoka, na kumfungia njia ni kumfungia aliyekwisha kupita. Sababu ya pili ni nzito zaidi: tarishi huyo alikuwa na kazi nyingine. Dawa zile zile zilizoshindwa katika sepsisi zilikuja kufaa sana kwa wenye baridi yabisi ya viungo, na mwaka 2001 ikaripotiwa kwamba miongoni mwa watumiaji wake kifua kikuu kilichokuwa kimelala kiliamka. TNF ndiye aliyekuwa akishikilia ukuta uliokizunguka. Katika nchi ambazo watu wengi hubeba kifua kikuu kilicholala bila kujua, habari hiyo haihitaji kuelezwa mara mbili.

Afrika Mashariki yenyewe iliwahi kutoa funzo lililowashtua wengi, ingawa lilihusu maji na si matarishi. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kilifi pwani ya Kenya, Muheza nchini Tanzania, na katika hospitali kadhaa za Uganda, juu ya watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mshtuko. Desturi ya dunia nzima ilikuwa kuwapa maji ya dripu kwa kasi. Waliopewa walikufa zaidi: kama asilimia 10.6 katika saa 48, dhidi ya 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Mwaka 2017 Lusaka, ng'ambo ya mpaka wa kusini wa Ufipa, watu wazima wenye sepsisi waliopewa maji mengi mapema pamoja na dawa za kupandisha msukumo walikufa kwa asilimia 48.1, na wenzao waliotunzwa kwa kawaida kwa asilimia 33.0. Tiba iliyonyooka katika vyumba vyenye mashine za kupumulia ilipinda ilipofika mahali zisipokuwapo.

Kotisoli, breki ya zamani, bado iko mezani. Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa ya kuwapa wagonjwa homoni ya namna yake yalitofautiana, moja likiona vifo vimepungua na jingine lisione. Mwaka 2020, katika UVIKO-19, deksamethasoni, dawa ya bei nafuu ya jamii hiyo hiyo, iliokoa maisha ya waliokuwa wakipumua kwa mashine au kwa oksijeni, na haikuwafaa waliokuwa hawajafikia hapo. Kwa hiyo mwili uleule hutaka neno "piga" siku moja na neno "tulia" siku nyingine, na vipimo vya kumwambia tabibu leo ni siku ipi bado havijazifikia hospitali nyingi za nchi hizi. Tabibu hubaki na vitu vitatu: dawa ya kuua vijidudu mapema, kuondoa chanzo, na macho yake.

Kisha huja upande ambao haukusemwa sana zamani. Breki zikikaa muda mrefu, walinzi huchoka. Seli zao hupunguza vipokezi, na virusi vilivyolala tangu utotoni huamka. Wapo wanaonusurika na moto, wakafa wiki kadhaa baadaye kwa ugonjwa ambao kwa kawaida hauui mtu. Mgonjwa wa Muze aliruhusiwa wiki ya tatu kwa sharti moja, kwamba homa yoyote katika miezi ijayo, hata ndogo, apandishwe mlima siku hiyo hiyo. Mwezi wa tatu alirudi kliniki na mtoto, amekonda, akisahau maneno katikati ya sentensi. Alipovua kilemba ili apimwe, nywele zilianguka kwa vishungi sakafuni. Mkunga akamweleza kuwa mwili uliopita katika homa kubwa hufanya hivyo, na kuwa zitaota. Mama mkwe aliitikia kwa heshima, akainama, akaziokota zote hata zile zilizoingia chini ya benchi, akazifunga katika pindo la kanga, na kuteremka nazo Muze.